Fahamu ugonjwa wa FIP: kirusi kilichoitikisa Kupro na hofu ya wafugaji wa paka

Mwanzoni mwa mwaka 2023, madaktari wa wanyama mjini Nicosia, mji mkuu wa Kupro, au Cyprus kama wengi wanavyoiita, walianza kuletewa paka wengi kuliko ilivyo kawaida wakiwa na dalili zinazofanana: homa isiyosikia dawa, mwili uliokonda, na tumbo lililojaa maji. Katika miezi michache maradhi yakavuka mipaka ya mji huo na kuenea katika wilaya nyingine za kisiwa. Paka wa mitaani walikutwa wamekufa vichochoroni, na paka wa ndani, ambao hulala juu ya makochi ya wenyewe, nao hawakusalimika.

Habari hizo zilipozagaa duniani, ziliamsha maswali katika kila nyumba inayofuga paka. Je, maradhi hayo yanaweza kufika kwetu? Paka mmoja akiugua, wenzake watapona? Na watoto wanaocheza naye, wamo hatarini? Makala haya yanaeleza ugonjwa huo ni upi, nini hasa kilichobadilika Kupro, na ni hofu ipi yenye msingi na ipi isiyokuwa nayo.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Wataalamu huuita kwa kifupisho FIP, yaani uvimbe wa kuambukiza wa utando wa tumbo la paka. Ulielezwa kwa mara ya kwanza kama ugonjwa wa pekee mwaka 1963 nchini Marekani, na daktari wa wanyama Jean Holzworth wa Boston. Baadaye ilibainika kwamba unasababishwa na kirusi cha jamii ya korona.

Jina hilo limekuwa chanzo cha mkanganyiko. Kwanza, ugonjwa haushambulii utando wa tumbo peke yake. Unaweza kuingia kwenye mapafu, figo, ini, macho na hata ubongo. Pili, neno "kuambukiza" limewafanya wengi waamini kwamba paka mwenye FIP humwambukiza mwenzake FIP moja kwa moja, kama vile mafua yanavyopita kutoka kwa mtu hadi mtu. Kwa miaka mingi, na katika sehemu kubwa ya dunia, mambo hayajawa hivyo.

Ugonjwa huu una sura mbili. Ya kwanza huitwa FIP ya maji. Mishipa ya damu huvimba na kuvuja, na majimaji ya rangi ya manjano, mazito na yenye kunata, hujikusanya tumboni au kifuani. Paka huonekana ana tumbo kubwa ilhali mgongo na mbavu zimechomoza kwa kukonda. Maji yakiwa kifuani, hupumua kwa shida. Ya pili ni FIP kavu. Hapa hakuna maji mengi, lakini vinundu vya uvimbe huota ndani ya viungo. Paka huyu anaweza kubadilika rangi ya jicho, kuyumba anapotembea, au kupatwa na kifafa. Pasipo matibabu, karibu kila paka anayeingia katika hali hizi hufa, na katika FIP ya maji kifo huweza kufika ndani ya siku au wiki chache.

Kirusi kimoja, sura mbili

Ili kuelewa kilichotokea Kupro, lazima kwanza kuelewa tabia ya kawaida ya kirusi hiki. Virusi vya korona vya paka vimeenea duniani kote. Huishi katika utumbo, hutoka na kinyesi, na humwingia paka mwingine anapojilamba makucha baada ya kukanyaga mchanga wenye uchafu. Katika nyumba zenye paka wengi, na katika vituo vya kuwatunza paka waliotupwa, ni nadra kukosekana paka aliyekwisha kuguswa na kirusi hiki.

Walio wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Baadhi huhara kwa siku chache kisha hurudia afya yao. Wachache, ambao makadirio mengi yanawaweka kati ya 5 na 10 katika kila 100 walioambukizwa, ndio hupata FIP. Ndani ya mwili wa paka huyo mmoja, kirusi cha utumbo hubadilika katika maumbile yake, kikapata uwezo wa kuingia na kuzaliana ndani ya seli nyeupe za damu zilizowekwa kuwa walinzi wa mwili. Hapo mlinzi mwenyewe huwa ndiye mbebaji wa adui, akimsambaza katika kila kiungo ambako damu hufika.

Maelezo haya yana maana kubwa kwa mfugaji. Kwa kawaida, kirusi kilichokwisha kubadilika hubaki ndani ya mwili wa mgonjwa na hakitoki kwa wingi katika kinyesi chake. Kinachopita kutoka paka hadi paka ni kile kirusi cha utumbo, kisicho kikali. Ndiyo maana katika nyumba yenye paka watano, mmoja anaweza kufa kwa FIP na wanne wakaendelea kuishi bila tatizo, ingawa wote walikula na kulala pamoja.

Walio katika hatari zaidi ni paka wachanga, hasa wasiotimiza miaka miwili, na wale walio katika msongo: waliohamishwa makazi, waliotoka kufanyiwa upasuaji, au wanaobanana katika chumba kidogo. Urithi nao una nafasi yake. Koo fulani za paka wa mbegu maalumu huugua zaidi kuliko nyingine.

Duma waliofunza ulimwengu

Kwamba kirusi hiki kinaweza kugeuka kuwa tauni kulidhihirika miongo minne iliyopita, na waliotoa funzo hilo walikuwa wanyama wa asili ya Afrika. Mwaka 1982, katika hifadhi ya wanyama ya Wildlife Safari, jimboni Oregon nchini Marekani, FIP ilizuka miongoni mwa duma waliokuwa wakifugwa humo. Katika muda wa miaka mitatu, takriban asilimia 60 ya duma hao walikufa. Simba waliokuwa katika hifadhi hiyo hiyo hawakuugua.

Watafiti walipochunguza sababu, waligundua kwamba duma wanafanana mno kimaumbile. Wazazi wao wa kale walipungua sana kwa idadi, na waliobaki wakazaana wao kwa wao, kiasi kwamba mnyama mmoja hana tofauti kubwa ya kinga na mwingine. Kirusi kilichopata njia ya kumshinda mmoja kilikuwa kimepata njia ya kuwashinda wote. Paka wa nyumbani wana bahati ya kuwa na mchanganyiko mkubwa zaidi wa damu, na hiyo ni mojawapo ya ngao zao.

Funzo la pili lilitoka Taiwan. Mwaka 2013 watafiti walieleza mlipuko mdogo katika kituo cha kuwatunza paka, ambako aina ya kirusi iliyochanganya maumbile ya korona ya paka na ya mbwa ilionekana kupita moja kwa moja kutoka mnyama hadi mnyama. Mlipuko huo ulikoma bila kuenea. Wengi waliuona kuwa jambo la nadra.

Kilichobadilika Kupro

Miaka kumi baadaye, Kupro ilionyesha kwamba jambo la nadra linaweza kurudi kwa ukubwa mwingine. Kisiwa hicho ni makazi ya paka wengi kupita kiasi. Inakadiriwa kwamba idadi yao inakaribia au kuipita idadi ya watu, ambao ni takriban milioni moja. Uhusiano huo ni wa kale sana. Katika eneo la Shillourokambos, wanaakiolojia walifukua kaburi la takriban miaka 9,500 iliyopita ambamo paka alizikwa kando ya binadamu, nao ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa urafiki wa viumbe hao wawili. Masimulizi ya Kikristo ya kisiwani nayo yanasema kwamba Mtakatifu Helena aliagiza paka waletwe katika karne ya nne ili wapambane na nyoka.

Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Uingereza, walichukua sampuli za paka waliougua na kusoma maumbile ya kirusi. Walichokuta ni kirusi kipya, wakakipa jina FCoV-23. Sehemu kubwa ya mwili wake ni korona ya paka. Lakini ule mwiba wa protini, ambao kirusi hutumia kama ufunguo wa kuingilia ndani ya seli, ulitoka kwa mbwa. Sehemu hiyo ilifanana kwa asilimia 97 na ile ya korona kali ya mbwa iliyogunduliwa nchini Italia mwaka 2005, ambayo haiishii katika utumbo bali huenea mwili mzima.

Kwa lugha nyepesi, mnyama mmoja aliwahi kubeba virusi viwili kwa wakati mmoja, cha paka na cha mbwa, na vikabadilishana vipande. Aliyezaliwa kutokana na mchanganyiko huo hakuhitaji kusubiri mabadiliko ya ndani ya mwili ili awe muuaji. Alikuwa muuaji tangu mwanzo, na aliweza kuhama. Ushahidi ulionekana katika maabara: sampuli za paka kutoka wilaya mbalimbali zilibeba virusi vilivyokaribia kufanana kabisa, jambo lisiloweza kutokea kama kila paka angezalisha kirusi chake mwenyewe. Ushahidi mwingine ulionekana katika kliniki: waliougua hawakuwa watoto wa paka pekee, bali paka wa kila umri.

Watafiti hao walihesabu visa 165 vilivyothibitishwa kwa kipimo cha PCR kati ya Januari na Agosti 2023, ilhali katika miaka miwili iliyotangulia visa vya namna hiyo vilihesabika kwa vidole. Na katika majira ya vuli mwaka huohuo, paka aliyesafirishwa kutoka Kupro hadi Uingereza aligunduliwa kuwa na kirusi hichohicho. Bahari haikuwa kizuizi. Kikapu cha msafiri kilitosha.

Mvutano wa takwimu

Mnamo Julai 2023, watetezi wa wanyama kisiwani walitangaza kwamba paka 300,000 walikuwa wamekufa. Idadi hiyo ikasambaa duniani kwa siku chache. Chama cha madaktari wa wanyama cha Kupro kikajitokeza kuikanusha na kusema kwamba, kwa makisio yaliyotokana na kliniki, waliokufa walikuwa takriban 8,000.

Tofauti hii kubwa ina sababu zake. Paka wa mitaani hana daftari wala mwenyewe. Akifa chini ya gari bovu au ndani ya shamba, hakuna anayemwandika. Kipimo cha maabara kina gharama, na kwa hiyo visa vilivyothibitishwa huwa sehemu ndogo tu ya visa halisi. Hata hivyo, idadi isiyo na ushahidi ina madhara yake. Inaweza kuwatia watu hofu kiasi cha kufikiri kwamba dawa haina maana tena, na kuacha kuwapeleka wanyama wao kwa daktari wakati bado kuna nafasi. Msomaji anayekutana na takwimu za aina hii hana budi kuuliza: zimehesabiwa na nani, na kwa njia gani?

Dawa iliyokuwepo lakini ikakawia

Kwa zaidi ya nusu karne, kuambiwa kwamba paka ana FIP kulikuwa sawa na kusomewa hukumu ya kifo. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2019, pale Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochapisha matokeo ya dawa iitwayo GS-441524. Kati ya paka 31 waliougua FIP kwa njia ya kawaida, 26 waliishi na kumaliza matibabu ya wiki 12, na wengi wao wakapona kabisa.

Dawa hiyo ni ndugu wa karibu wa remdesivir, ambayo baadaye ilitumiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Lakini haikuandikishwa kuwa dawa ya paka. Kwa miaka kadhaa wafugaji katika nchi nyingi waliinunua kwa njia za magendo kupitia mitandao ya kijamii, wakipokea vichupa visivyo na maelezo ya kuaminika na kuwadunga wanyama wao wenyewe majumbani. Uingereza ilipata njia halali ya kuitumia mwaka 2021. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza Mei 2024 kwamba haitawazuia madaktari wa wanyama kuandika dawa hiyo ikitengenezwa na maduka maalumu ya dawa, na ikaanza kupatikana Juni mwaka huo.

Huko Kupro, gharama ya kumtibu paka mmoja kwa GS-441524 ilifikia maelfu ya yuro, kiasi ambacho familia nyingi hazikukimudu. Agosti 2023, baada ya shinikizo la madaktari na wapenzi wa paka, serikali iliruhusu akiba ya vidonge vya molnupiravir, vilivyonunuliwa kwa ajili ya watu wenye UVIKO-19, vitumike kwa paka. Dawa iliyobaki kwenye maghala baada ya janga la binadamu ikawa mwokozi wa wanyama. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba dawa hiyo inahitaji uangalizi wa daktari, na mama mjamzito hapaswi kuishika wala kuivunja.

Matibabu ya kawaida yamekuwa ya siku 84. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba, kwa FIP ya maji, siku 42 zinaweza kutosha, jambo linalopunguza gharama kwa nusu. Kinachoamua matokeo zaidi ya yote ni muda: paka anayeanza dawa akiwa bado anakula ana matumaini makubwa kuliko yule anayeletwa akiwa hoi.

Daktari huutambuaje?

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema "huyu ana FIP" kwa uhakika. Kipimo cha kingamwili huonyesha tu kwamba paka aliwahi kukutana na kirusi cha korona, na paka wengi wazima wamekutana nacho. Paka wengi wameuawa bure kwa sababu ya kusoma vibaya jibu la kipimo hicho.

Daktari hukusanya vidokezo na kuviunganisha: umri wa paka, homa isiyoshuka kwa viuavijasumu, manjano ya fizi na macho, upungufu wa damu, na kupanda kwa protini za kinga katika damu. Palipo na maji tumboni, kazi huwa rahisi zaidi. Ipo njia ya zamani isiyohitaji mashine, iitwayo kipimo cha Rivalta. Tone la asidi kali ya siki huchanganywa katika maji safi yaliyochujwa, kisha tone la majimaji ya tumboni huwekwa juu taratibu. Likiyeyuka na kutoweka, FIP haielekei kuwepo. Likibaki na umbo lake, likining'inia au kushuka polepole kama kiwavi cha baharini, shaka huongezeka na vipimo zaidi huhitajika. Kwa kliniki ndogo iliyo mbali na maabara kubwa, kipimo hiki bado kina thamani.

Je, binadamu yumo hatarini?

Jibu ni hapana. Hakuna mtu aliyewahi kuthibitishwa kuugua FIP, ingawa binadamu na paka wameishi na kirusi hiki kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba kinaitwa korona, lakini kiko katika kundi tofauti na kile kilicholeta UVIKO-19. Vilevile mbwa wa nyumbani hapati FIP.

Hatari ya kweli kwa familia inayofuga paka iko kwingine, nayo ni kichaa cha mbwa. Paka akiumwa na mnyama mwenye kichaa anaweza kumwambukiza mtu, na dalili zikishaanza ugonjwa huo huua karibu kila anayeupata. Mzazi anayehofia afya ya watoto wake kwa sababu ya paka aanze na chanjo hiyo kabla ya kuhangaika na FIP.

Magonjwa yanayohama kwa kasi zaidi

Kwa paka wa kawaida wa mitaa yetu, virusi vinavyopaswa kuogopwa kwa kuenea kwake ni vingine, na habari njema ni kwamba baadhi vina chanjo nzuri.

Kinachotangulia ni panleukopenia. Kirusi chake hushusha chembe nyeupe za damu na kuharibu utumbo. Mtoto wa paka hutapika, huhara, hukauka maji na kufa ndani ya siku chache. Kinaweza kukaa hai katika sakafu, mablanketi na viatu kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Anayepoteza watoto wa paka mfululizo katika nyumba ileile ana sababu ya kukishuku kirusi hiki kabla ya FIP. Chanjo yake ni ya siku nyingi na ina nguvu sana.

Kuna pia mafua ya paka, yanayoletwa na virusi vya hapesi na kalisi, yenye kupiga chafya, macho yenye usaha na vidonda vya mdomo. Nayo yana chanjo inayopunguza makali. Kisha kuna leukemia ya paka, inayopita kwa mate pale paka wanapolambana na kula bakuli moja, na kirusi cha upungufu wa kinga ya paka, kinachopita hasa kwa kuumana madume wanapopigana.

Kuhusu FIP yenyewe, chanjo ya kutia puani imekuwepo katika baadhi ya nchi tangu miaka ya 1990, lakini wataalamu wengi hawaipendekezi, kwa kuwa hutolewa baada ya umri ambao paka wengi huwa wamekwisha kuambukizwa kirusi cha utumbo.

Nini cha kufanya nyumbani?

Kwa kuwa kirusi hupita kwa kinyesi, usafi wa choo cha paka ndio kinga ya kwanza. Wataalamu hushauri kila paka awe na sanduku lake la mchanga, na moja la ziada. Kinyesi kitolewe kila siku, na sanduku liwekwe mbali na mahali pa chakula na maji. Mchanga unaorushwa sakafuni ufagiliwe, kwani ndio unaobeba uchafu hadi kwenye makucha.

Kirusi cha korona cha paka ni dhaifu kwa sabuni na klorini, ingawa katika mahali pakavu kinaweza kustahimili kwa wiki kadhaa. Osha kwanza kwa maji na sabuni, suuza, kisha tumia maji ya klorini yaliyozimuliwa. Usimwage klorini juu ya mkojo, kwa maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Epuka dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini. Nyingi zina fenoli, ambayo ni sumu kwa paka anayejilamba. Wala usimpe paka mwenye homa paracetamol: kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Usirundike paka. Kadiri wanavyokuwa wengi katika chumba kimoja, ndivyo kirusi kinavyozunguka na ndivyo nafasi ya kubadilika inavyoongezeka. Paka mgeni atengwe chumba chake kwa wiki mbili au zaidi, na apelekwe kwa daktari kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Kumhasi dume na kumfunga kizazi jike hupunguza uzururaji, mapigano na watoto wasio na makao, na hivyo hupunguza maradhi ya kila aina.

Paka wako akithibitishwa kuwa na FIP, hakuna haja ya kuwaua wala kuwafukuza wenzake. Katika FIP ya kawaida, wao wamekwisha kukutana na kirusi cha utumbo muda mrefu uliopita. Mtenge mgonjwa kwa ajili ya utulivu wake, angalia ulaji na uzito wa wengine, na usilete paka mpya. Mgonjwa akifa, subiri takriban miezi miwili na usafishe nyumba vizuri kabla ya kumleta mwingine. Iwapo paka ametoka Kupro, au paka wawili wazima katika nyumba moja wanaugua kwa kufuatana, mweleze daktari jambo hilo waziwazi, kwa kuwa hapo uwezekano wa kirusi kinachohama hauna budi kuchunguzwa.

Wenye kuhama nchi na wanyama wao nao wana wajibu. Hati za kusafiri za paka katika nchi nyingi hudai chanjo ya kichaa cha mbwa na utambulisho. Hazidai kipimo cha FIP. Aliye safarini na paka mwenye homa au anayekonda amwahirishie safari hadi atakapochunguzwa.

Kutupa paka si kinga

Kila uvumi wa maradhi ya paka unapoenea, wapo wanaowatia wanyama wao ndani ya gunia na kwenda kuwaacha sokoni au kando ya barabara. Kitendo hicho, mbali na ukatili wake, ndicho kinachokipa kirusi kile kinachokihitaji: paka wenye njaa, wenye msongo, waliokusanyika jalalani na kuzaliana bila mpaka. Na penye uhaba wa paka wenye afya, panya hushika nyumba na ghala, wakija na maradhi yao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kupro iliulipia ukuta huo kwa maelfu ya paka kabla dawa haijaruhusiwa. Kwa mfugaji wa kawaida, ufa huzibwa kwa mambo madogo: sanduku safi la mchanga, chanjo kwa wakati wake, na safari ya mapema kwa daktari wa wanyama pale paka anapoacha kula kwa zaidi ya siku moja.